Bamvua la Uzi: siku nne na ndege wa ng'ambo

Jumatatu

Kituo cha magari ya shamba hapa mjini Unguja kinaitwa Kijangwani, na watu hulitamka jina hilo kutwa bila kulisikia. Kwetu visiwani jangwa si lile la ngamia peke yake. Ni ule uwanja mtupu ulio nyuma ya mikoko, ambao bahari huufikia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, linapokuwa kubwa, kisha hurudi zake na kuacha chumvi juu ya tope. Mji huu ulikuwa na maji ya namna hiyo. Hori lililotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo lilifukiwa kidogo kidogo, daraja likaondoka, likabaki jina la Darajani, na leo watu wananunua samaki na nguo pale palipokuwa na maji. Nikiwa nasubiri gari ya kisiwa cha Uzi nilijiuliza ndege waliokuwa wakitua hapa walihamia wapi.

Siku hizi nne nimezichagua kwa mwezi. Sikukuu ya Mapinduzi ilikuwa jana, na usiku wa leo mwezi ni mpevu. Kila Januari, Afrika, Ulaya na Asia, kuna watu wanaokwenda kuhesabu ndege wa majini, na mimi ninayesomesha bayolojia skuli nimejizoesha mwezi huo huo kwenda Uzi kwa ami yangu na daftari langu. Bamvua la kwetu lina saa zake: maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hujaa saa kumi au saa kumi na moja jioni, na kati ya kupwa na kujaa kimo cha maji kinaweza kutofautiana hata mita nne. Kwa mtu anayetaka kuwaona ndege wa pwani, hakuna ratiba nyingine. Maji yakipwa wanakula, wametawanyika tope zima. Yakijaa hawana pa kula, basi hukusanyika pakavu kungoja.

Gari ilichelewa kuondoka. Tulifika Unguja Ukuu saa nane na nusu, na njia ya Uzi ilikwisha kumezwa. Njia hiyo ilikuwa ya mawe, imekatiza mikoko kutoka Unguja hadi kisiwani, na bamvua likija ilikuwa ikizama, ukabaki unaona miti imesimama majini pande mbili na katikati mkondo unakwenda. Mgeni hushtuka. Wenyeji hushusha mizigo wakatafuta kivuli. Mama mmoja aliyekuwa na polo la unga aliniona natazama saa, akaniambia, "Maji hayaombwi, mwanangu. Kaa kitako."

Nikakaa. Unguja Ukuu ni miongoni mwa miji mikongwe kabisa ya pwani hii, watu walikuwa wakifanya biashara ya ng'ambo hapa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, na nadhani nao walikaa chini ya miti wakingoja maji kama sisi.

Saa tisa na robo nikasikia filimbi juu yetu, ya haraka haraka, mara sita au saba kwa pumzi moja. Sululu. Watu wa pwani wamempa jina moja na sululu ya kuchimbia, na ukimwona huhitaji kuuliza kwa nini: mdomo wake mrefu umepinda kwenda chini kama chuma cha kazi. Walikuwa kumi na wawili, wakafuatwa na kundi la vindege vidogo vilivyoruka kwa kushikana, vikigeuka pamoja, mara vyeupe mara vya kijivu. Wote walikuwa wanaelekea upande mmoja, nyuma ya mikoko ya Uzi. Nilijua wanakokwenda. Nikaandika saa na upande, basi.

Tulivuka baada ya Magharibi, magurudumu bado majini. Ami alikuwa amesimama na tochi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umekuja na darubini yako?"

"Nimekuja nayo."

"Basi kesho twende pwani, wamo wengi mwaka huu."

Jumanne

Tulitoka saa mbili, ami, mimi na mtoto wake wa mwisho, ambaye yuko darasa la tano na ana macho kuliko darubini. Tulipita katika mikoko kwa njia ya wavuvi, kwanza michu iliyosimama juu ya vidole vyake vinavyochomoza topeni, kisha mikoko yenyewe yenye mizizi ya kuinama, tukatokea mahali ambapo bahari imekwenda mbali ukaiona kama uzi mweupe. Kaskazi huku kusini haisukumi sana. Joto lilikuwa tayari limepanda, na tope linanuka, harufu ambayo mimi naipenda tangu utoto na siwezi kuieleza kwa mtu asiyeijua.

Wa kwanza kuonekana ni walakaa. Kilatini wanamwita Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya mawingu ya mvua, na mdomo mweusi mnene, mnene mno kwa ndege wa pwani, kama koleo. Wenziwe wana midomo ya kudungia, yeye ana mdomo wa kuvunjia. Anakwenda hatua tatu, anasimama, anatazama, anakimbia ghafla na kumwokota kaa. Nilimwona mmoja akimtikisa kaa mpaka magando yakadondoka, kisha akammeza.

Ndege huyu hana ndugu wa karibu. Wataalamu wamempa ukoo wake peke yake. Anazaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, Omani na huko juu Somalia, wakati wa joto kali, na hajengi kiota juu ya ardhi. Anachimba shimo refu mchangani, anataga yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kulitamia hata akitoka kwenda kutafuta chakula. Sijui ndege mwingine wa jamii za pwani anayefanya hivyo. Wenziwe wengi makinda yao hutoka yaini na kuanza kujitafutia siku hiyo hiyo. Kinda la mlakaa hukaa shimoni likaletewa.

Na kuletewa hakuishii huko. Hili ndilo nililokuja kumwonyesha mtoto wa ami. Nilimpa darubini nikamwambia amtafute mmoja aliyechujuka, mgongo wa kijivu badala ya mweusi. Akampata mara moja. Alikuwa nyuma ya mkubwa mmoja, ameinamisha shingo, analia filimbi ile ile bila kuchoka, na kila mkubwa akikimbilia kaa na yeye anakimbia. Mara ya nne mkubwa akasimama, akamwachia.

"Kumbe mtoto," akasema. "Amezaliwa hapa?"

"Amezaliwa Arabuni, mwezi wa sita au wa saba. Amekuja na mzazi wake, wamevuka bahari yote, na mpaka leo analishwa."

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: wakipotezana njiani je, watajuana kwa sauti? Nikamwambia nadhani ndivyo, maana makelele yote yale lazima yana kazi. Akaendelea kutazama mpaka nikaomba darubini yangu.

Ami alikuwa anasikiliza huku anafua wavu wake tope. Akasema, "Hii njia ni ya majahazi." Na kweli. Baba yake, yaani babu yangu, alikata boriti katika mikoko hii zikapakiwa majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba, yameleta tende na papa mkavu, yakangoja kusi yakarudi na mikoko ya kuezekea nyumba katika nchi isiyo na miti. Majahazi yale hayaji tena. Ndege wanafuata njia ile ile, wanaanza kutufikia mwezi wa nane au wa tisa kabla kaskazi haijashika, na mwezi wa nne wanarudi. Ami alisema wazee walijua mwaka umegeuka kwa kuona ufuo umekuwa kimya.

Baadaye nilitaka kuwasogelea wale wadogo. Nilihesabu hatua zangu: kila nikifika kama sitini, wanaruka. Hatua mia mbili mbele kulikuwa na akina mama watatu wanaokota kombe, kanga wamezifunga viunoni, na vindege vinazunguka karibu na ndoo zao kama kuku. Nilikwenda kuwaamkia. Mkubwa wao, bibi mwenye meno mawili na kicheko kirefu, alinitazama akasema, "Wewe umesimama kama mwizi. Inama, mwanangu. Ndege haogopi mtu mwenye kazi."

Niliinama. Nikaokota kombe naye nusu saa, tukasogea pamoja, na ndege wakasogea kwa hatua kumi na tano. Hapo ndipo nilipowaona vizuri: wale wa mdomo uliopinda kidogo chini, ambao Kilatini ni Calidris ferruginea, wanaozaa Siberia ya kaskazini kabisa, ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Mmoja ana uzito wa yai la kuku, gramu sitini hivi. Januari ni wa kijivu, hana rangi. Kabla ya kuondoka mwezi wa nne hujaza mafuta na manyoya ya kifuani yakageuka rangi ya matofali. Kulikuwa na mmoja mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, anakimbia kama amechelewa, na wengine wanaopindua mawe madogo kwa mdomo kutazama chini yake. Bibi akauliza wametoka wapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa: "Na mtu mzima akitumwa Mjini ananung'unika."

Jioni tulikula pweza wa nazi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekatwakatwa na kombe, na mgongo ulinisema usiku kucha.

Jumatano

Asubuhi nililala. Siku ya leo ni ya jioni.

Saa nane mchana mimi na mtoto tulikwenda jangwani, nyuma ya mikoko upande wa magharibi. Tulikata njia ndefu ili tusilikatize, tukaketi chini ya mchu, tukijifunika kanga kuukuu ya rangi ya udongo. Mbele yetu uwanja kama viwanja viwili vya mpira: tope lililokauka na kupasuka, chumvi inang'aa kando, na pembezoni yale majani manene ya maji ambayo ukiyatafuna yana chumvi. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wanapungiana. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Hakuna kitu," mtoto akanong'ona.

"Ngoja bahari."

Saa tisa kasorobo maji yalianza kusikika mikokoni, ule mlio wa kunywanywa. Saa tisa wakaja sululu, wanne, wakasimama wakitazama upepo unakotoka. Kisha vindege vidogo, kundi moja, kundi la pili, wakashuka kama mtu amemwaga choroko. Kisha wale wa kijivu wenye weusi makwapani, ambao huuoni mpaka waruke. Yangeyange wa pwani wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, wa jamii moja kabisa ingawa mtu angeapa si hao hao. Walakaa walikuja mwishoni, kwa sababu miguu yao mirefu inawaruhusu kubaki majini zaidi. Walishuka na kelele zao, wakapanga mstari, wakapiga magoti, yaani walikaa kwa kisigino kama wao wanavyokaa. Nilihesabu sitini na wanane. Mtoto alihesabu sabini. Tukahesabu tena na ikawa sabini. Alikuwa sahihi yeye.

Hapo ndipo mambo ya ndege hawa yanapoamuliwa, na ndipo watu tusipotazama. Tunapiga picha wanapokula, kwa sababu kula kuna mwendo. Lakini ndege anayekula saa za maji kupwa tu, mchana na usiku, ana saa chache za kupumzika, na kila anaporushwa anateketeza kile alichokiokota. Akirushwa mara moja atakuwa amepoteza kidogo. Akirushwa kila siku, kwa miezi, mwezi wa nne utamkuta hana mafuta ya kumfikisha. Hafi hapa tukamwona. Anafia huko njiani juu ya bahari.

Saa kumi na dakika ishirini, maji yamefika ukingo wa jangwa na ndege wote wamesogezwa sehemu isiyozidi ukubwa wa uwanja wa msikiti, ikasikika pikipiki. Walikuwa vijana watatu, na futi ya kamba, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Uwanja mzima uliondoka kwa mara moja. Nilisikia upepo wa mbawa usoni, sitii chumvi. Walizunguka juu ya mikoko mara tatu, wakajaribu kushuka, wakapanda tena. Walakaa ndio waliokwenda mbali. Nilimsikia yule mtoto wao akilia kwenye kundi, sauti inapungua, inapungua.

Nilitoka chini ya mchu na tope limenijaa. Nilitaka kufoka, na kwa kweli nilifoka kidogo, jambo lisilofaa kwa mgeni katika kijiji cha watu. Kijana mkubwa alinijibu kwa heshima. "Dada, sisi tumetumwa kupima. Na hapa pana nini? Jangwa tu."

Nikampa darubini. Wale wadogo walikuwa wameshashuka upande wa pili, wamejibana. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akawapa na wenziwe. "Wazuri," akasema. Kisha akairudisha, wakaenda kupiga kigingi kilichofuata. Sina la kumlaumu. Aliyewatuma hakuwepo, na sikuuliza jina lake kwa sababu nilijua nikilijua nitalala vibaya.

Maji yalipoanza kurudi nilihesabu tena: walakaa ishirini na sita.

Usiku nilimwambia ami. Hakushangaa. Alivuta pumzi, akaanza kunihesabia kwa vidole. Ghuba la Menai, ambalo Uzi imo ndani yake, ni eneo la hifadhi tangu 1997, kuna doria na kuna mashua. Mikoko ina sheria, ukikata bila ruhusa unashikwa. Pweza hufungiwa miamba, kama wanavyofanya Kisiwa Panza kule Pemba na Kizimkazi hapa jirani, ikifunguliwa watu wanapata pweza wakubwa. "Mkoko una mwenyewe," akasema, "pweza ana mwenyewe. Jangwa halina. Kila mtu analiona ni mahali ambapo kitu bado hakijajengwa."

Nikamuuliza wazee walilitumia kwa nini.

"Kuanika. Na watoto kucheza mpira maji yakiwa mafu. Maji mafu hayapandi sana, ndege hawaji huko, bahari haiwafukuzi pwani. Tuligawana siku bila kukaa kikao." Akanyamaza. "Mwambie mtoto aandike. Sheha wetu ni msikivu, lakini anataka karatasi."

Alhamisi

Maji yalikuwa yanajaa tena saa kumi na moja na robo alfajiri. Tulisali, tukatoka na mwezi bado unawaka juu ya mikoko, hatukuwasha tochi. Jangwa lilikuwa jeupe kama sinia. Mwanzo niliona vivuli tu, kisha vivuli vikawa na miguu. Walikuwa wamerudi, hata walakaa, si wote. Vigingi vilisimama kati yao, na sululu mmoja amesimama mguu mmoja ubavuni mwa kigingi kana kwamba ni mti.

Nilimpa mtoto daftari. Tuliandika tarehe kwa hesabu zote mbili, ya Januari na ya Rajabu, saa ya maji, upepo, na mistari kwa kila jamii. Nilimfundisha kuhesabu kumi kumi kwa wadogo na mmoja mmoja kwa wakubwa. Nilimwambia aandike pia kila wanaporushwa, saa ngapi, na nani: mbwa, pikipiki, kipanga, mtu. Akauliza, "Na sisi tukiwarusha?" Nikamwambia na sisi. Jua lilipochomoza wakaanza kushuka pwani kwa vikundi, walio na miguu mirefu wakitangulia.

Nilikuwa nimepanga kupita Pete kwenye daraja la mbao la mikokoni, kisha Jozani kuangalia kima punju. Niliacha. Nilikwenda kwa yule bibi wa kombe kumuaga, akanipa kombe za kuchemsha ndani ya kikombe cha plastiki na kunikumbusha kuinama. Ami alinisindikiza mpaka mwanzo wa njia ya mawe. Maji yalikuwa yamekwisha kutoka, mawe yanang'aa, kaa wanavuka barabara mbele ya gari.

Saa moja na nusu usiku, nikiwa nyumbani nafua nguo za tope, simu yangu ikaita, namba ya ami. Alikuwa mtoto.

"Dada, walakaa arubaini na watatu. Wameruka mara mbili, mara moja mbwa, mara moja sikuona nini. Sululu kumi na sita. Wale wadogo mia tatu na kumi, lakini nimehesabu kumi kumi."

"Na yule mtoto wao?"

"Yupo. Bado analia."